Kitambulisho Kiko kwa Nani? Mwongozo wa Mwenye Biashara Nairobi wa Kuzuia na Kuripoti Utumwa wa Kisasa

Ilikuwa saa nne usiku dada mmoja wa usafi aliposhikwa na tumbo hadi akakaa chini kando ya mashine. Niliita teksi, nikapanda naye. Hospitalini karani wa dirishani akamwomba kitambulisho. Dada yule akainamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayeungama kosa: "Madam, sina. Kiko kwa mama wa ofisi."

Mama wa ofisi ndiye aliyekuwa mwenye kampuni ndogo ya usafi tuliyokuwa tumeipa kandarasi. Kesho yake niliwauliza wenzake kumi na mmoja, mmoja mmoja. Wanane walinipa jibu lile lile.

Kiwanda chetu kiko Industrial Area, na wakati huo nilikuwa nimesimamia wafanyakazi kwa miaka sita. Mafaili yangu yalikuwa safi: mikataba imetiwa saini, siku za likizo zimehesabiwa, mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) umelipwa. Ila dada wale hawakuwa kwenye faili langu hata mmoja. Walikuwa mstari mmoja kwenye ankara ya kila mwezi: "huduma za usafi". Ninayoandika hapa nilijifunza kwa sababu ya mstari huo, na namwandikia mwenye kiwanda, hoteli, mjengo, bohari au duka la jumla hapa Nairobi ambaye, kama mimi wakati ule, anaamini jambo hili liko kwa wengine.

Hatua ya 1: Jua unachotafuta

Ukiingia mahali ukitafuta minyororo, hutaona kitu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya kulazimishwa duniani, na milioni 17.3 kati yao walikuwa wakitumikishwa katika biashara za kawaida za watu binafsi, mbali na biashara ya ngono: mashambani, viwandani, kwenye ujenzi na majumbani. Wengi wao hutembea barabarani kama wewe na mimi. Kinachowafunga ni deni, hati iliyozuiwa, mshahara unaoahirishwa kila mwezi, au tisho la kuitiwa polisi.

Sheria zetu ziko wazi. Ibara ya 30 ya Katiba inakataza utumwa na kazi ya shokoa, na Ibara ya 25 inaweka uhuru dhidi ya utumwa miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mtu kutumia kazi ya kulazimishwa na pia kumsaidia mwingine kuitumia. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Ikithibitika kwamba ni ulanguzi wa binadamu, yaani kumchukua, kumsafirisha au kumweka mtu kwa hila au nguvu ili anyonywe, Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi ya 2010 inaanzia kifungo cha miaka 30 au faini ya shilingi milioni 30. Tena chini ya sheria hiyo, kusema "alikubali mwenyewe" si utetezi.

Tahadhari moja hapa. Mshahara mdogo peke yake ni kosa la sheria ya kazi, na unapaswa kurekebishwa, lakini usiuite utumwa kila unapouona. Mimi hujiuliza swali hili: je, mtu huyu akiamua leo kuacha kazi, anaweza kuondoka na hati zake, na pesa zake, bila kuogopa? Jibu likiwa hapana, endelea kuchimba.

Hatua ya 2: Hesabu watu ambao hawako kwenye orodha yako

Chukua ankara za miezi mitatu. Kila panapoandikwa "huduma", uliza kuna watu wangapi nyuma ya neno hilo. Usafi, ulinzi, kantini, upakiaji wa malori, vibarua wa msimu, fundi na wasaidizi wake. Andika idadi, jina la mkandarasi, na kama mkandarasi huyo naye amempa mtu mwingine kazi hiyo. Kwenye mjengo mara nyingi utakuta ngazi tatu: mkandarasi, mkandarasi wake mdogo, na jamaa anayekusanya vibarua alfajiri. Yule wa chini kabisa hamjui mwenye jengo, na mwenye jengo hamjui yeye.

Halafu nenda usiku. Sisi watu wa ofisi tunaondoka saa kumi na moja, na mambo haya huishi saa tusizokuwepo. Uliza pia watu wanalala wapi. Mfanyakazi anayelala bohari, au kwenye chumba cha mabati nyuma ya kiwanda ambacho ufunguo wake uko kwa msimamizi, anahitaji kuulizwa mengi zaidi.

Hatua ya 3: Fuata hati

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda wako mwingi.

Nairobi tumezoea kuacha kitambulisho. Unakiacha langoni mwa jengo, mlinzi anakiweka kwenye kisanduku, unakichukua ukitoka. Kwa mazoea hayo, mwajiri anaposema "leteni vitambulisho, nitavitunza," hakuna anayeshtuka. Wazee wetu wangeshtuka. Kuanzia sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwavalisha wanaume Waafrika kipande, yaani cheti cha usajili, shingoni, na mtu aliyeacha kazi kabla mzungu hajamtilia saini ya kumwachilia alisakwa kama mhalifu. Hilo lilikuwa moja ya malalamiko aliyoyapigania mwanaharakati Harry Thuku hadi akakamatwa Nairobi Machi 1922. Kitambulisho kilichofungiwa kwenye droo ya mkandarasi kinafanya kazi ile ile ya kipande. Bila hicho mtu hawezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti, kutibiwa kwa bima wala kutafuta kazi nyingine.

Kwa hiyo weka kanuni ya maandishi, na uitie ndani ya kila kandarasi: hakuna hati halisi inayobaki kwa mwajiri, wakala au msimamizi. Nakala inatosha, na mwenyewe aone ikipigwa. Kwa wafanyakazi kutoka nje ya nchi, kanuni hiyo inahusu pasipoti na kibali cha kazi pia. Sheria ya 2010 inatoa kifungo kisichopungua miaka 10 au faini isiyopungua shilingi milioni 10 kwa anayezuia hati za kusafiria za mtu ili kufanikisha ulanguzi.

Jinsi ya kukagua: usimuulize mkandarasi. Simama kwenye zamu, waombe watu wakuonyeshe vitambulisho vyao, kisha nyamaza uangalie mikono. Anayekuwa nacho hukitoa mfukoni au kwenye kasha la simu. Asiyekuwa nacho humtazama msimamizi kwanza. Mtazamo huo nimeuona mara nyingi, na sijaona bado ukitokea bila sababu.

Kagua na mkataba. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na ni jukumu la mwajiri kuuandaa. Muulize mfanyakazi kama ana nakala na kama umeandikwa kwa lugha anayoielewa. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi halipwi tena kama kibarua wa siku. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinambadilisha kuwa mwajiriwa wa mwezi.

Hatua ya 4: Fuata pesa

Anza na bei ya tenda. Kima cha chini kwa mfanyakazi wa kawaida hapa Nairobi, akiwemo msafishaji, kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi kuanzia Novemba 2024. Angalia kama kuna agizo jipya unaposoma haya. Ongeza asilimia 15 ya marupurupu ya nyumba, unafika karibu 18,530. Hapo hujaweka mchango wa mwajiri wa NSSF, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, wala faida ya mkandarasi. Sasa mkandarasi akikupa bei ya shilingi 15,000 kwa kila mtu na ukafurahia bei nafuu, tofauti hiyo inatoka kwa nani? Sisi tulikuwa tumetia saini bei ya namna hiyo. Idara ya ununuzi ilipongezwa kwa kuokoa pesa. Sitaki kuficha kwamba wajibu wetu ulianzia kwenye mkutano ule, miezi kumi na minne kabla ya usiku wa hospitali.

Kisha omba orodha ya malipo ya M-Pesa au ya benki. Tafuta nambari moja inayopokea mishahara ya watu wengi. Watakwambia msimamizi anapokea kwa niaba yao kwa sababu hawana simu. Mshahara ni wa mfanyakazi na unapaswa kumfikia yeye, mkononi au kwenye akaunti aliyoichagua mwenyewe.

Tazama makato. Sheria inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara, na kila mfanyakazi apewe karatasi inayoonyesha amekatwa nini na kwa nini. Sare, buti, matatu ya zamu, chumba, chakula, "hasara ya ndoo": kila kimoja huonekana kidogo. Jumlisha. Dada mmoja wa kundi lile alikuwa amefanya kazi miezi mitano na bado alikuwa "anadaiwa" na bosi wake. Aliniandikia hesabu hiyo nyuma ya boksi la biskuti, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na kila mwezi deni lilikuwa limepanda kidogo.

Mwisho hesabu saa. Kiwango cha jumla kwa kazi za kawaida za mchana ni saa 52 kwa wiki, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba haina mjadala.

Hatua ya 5: Uliza alilipa nani ili apate kazi

Watu wanaita chai, ada ya fomu, au shukrani. Mtu akikopa elfu ishirini kijijini ili amlipe wakala, anaingia kazini kwako akiwa tayari amefungwa, hata kama wewe hujui. Kanuni nzuri ni kwamba gharama ya kuajiri hulipwa na mwajiri. Iweke kwenye kandarasi, na ukigundua mtu alilipishwa, arudishiwe.

Mawakala wa ajira binafsi wanatakiwa wasajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ambayo ina orodha yao. Itazame kabla ya kutia saini. Ikiwa biashara yako ndiyo inayopeleka watu Ghuba au kwingineko, mkataba wa kazi ya nje lazima uthibitishwe na afisa wa leba. Usimpandishe mtu ndege kwa ahadi ya WhatsApp.

Kuhusu watoto: mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Chini ya 13 haajiriwi kabisa, na kati ya 13 na 16 ni kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumnyima shule. Umri ukitiliwa shaka, usimkubali kazini kabla hujaona hati.

Hatua ya 6: Wape watu njia ya kusema

Sanduku la maoni lililowekwa chini ya kamera ya ulinzi halitapokea hata karatasi moja. Letu lilikaa tupu miaka sita, na nilikuwa nikiandika kwenye ripoti kwamba hakuna malalamiko.

Kilichotusaidia ni nambari ya simu inayopokewa na mtu wa nje ya kiwanda, iliyobandikwa ndani ya milango ya vyoo, kwa Kiswahili cha kawaida. Ongea na watu mmoja mmoja, mahali ambapo msimamizi wao hasikii, na anayeongea na dada awe mwanamke akitaka hivyo. Uliza mambo ya kila siku: umelipwa lini mara ya mwisho, unalala wapi, ukiumwa nani anakuruhusu kuondoka. Ukimuuliza mtu "unatumikishwa kitumwa?" atakataa, na mara nyingi anakataa kwa moyo wote kwa sababu hajawahi kuliita hivyo.

Kama kuna chama cha wafanyakazi, kishirikishe. Na wakumbushe mameneja wako kwamba kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira hakiruhusu kumfuta mtu kazi kwa sababu amelalamika.

Hatua ya 7: Siku ukigundua

Niruhusu nianze na kosa langu. Asubuhi ile, baada ya kusikia yale majibu tisa, nilishika simu nikampigia mama wa ofisi. Nilikuwa na hasira. Kufikia jioni vitambulisho vitatu vilikuwa vimerudishwa, dada wawili walikuwa wameondolewa kwenye ploti waliyokuwa wakilala Mukuru, na iliwachukua wenzao siku nne kujua wako wapi. Simu ile haikumsaidia yeyote isipokuwa mimi kupumua.

Basi usimwambie mtuhumiwa kwanza. Fanya hivi.

Zungumza na mwathiriwa faraghani na umuulize yeye anataka nini na anaogopa nini. Mtu mzima ana haki ya kukataa kwenda polisi leo na kukubali wiki ijayo. Ila kukiwa na hatari ya mwili, piga 999 au 112 papo hapo. Akiwa mtoto, hakuna kusubiri: piga 116, simu ya bure ya watoto, ambayo hupokewa usiku na mchana. Ukatili wa kijinsia ukihusika, kuna 1195.

Taarifa ya ulanguzi ipeleke kwa DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, ambayo ina kitengo cha kupambana na ulanguzi wa binadamu na kulinda watoto. Nambari ya bure ya kutoa habari ni 0800 722 203. Unaweza pia kwenda kituo chochote cha polisi. Ukienda, usitoke bila nambari ya OB, daftari la matukio la polisi, na iandike pamoja na jina la afisa na saa. Madai ya mishahara na makato yanakwenda kwa ofisi ya leba, na yakishindikana huko kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, Milimani. Kwa makao salama na ushauri nasaha, HAART Kenya hapa Nairobi inafanya kazi hiyo hasa. Kituo Cha Sheria huwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Usijaribu kuwaokoa watu usiku na pikapu ya kampuni; unaweza kuwaponza na pia kuharibu kesi.

Hifadhi ushahidi siku hiyo hiyo: picha za kamera kabla hazijajifuta, daftari la lango, ankara, orodha za malipo, jumbe za simu. Andika maneno ya mfanyakazi kama alivyoyasema, bila kuyapamba, na weka tarehe. Majina yao yabaki kwa watu wawili au watatu tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakubana hapo, na zaidi ya sheria, hadithi ya mtu isizungushwe kwenye kundi la WhatsApp la mameneja.

Kama ni raia wa nchi nyingine na kibali chake hakiko sawa, usimtishe na uhamiaji. Sheria ya 2010 inasema mwathiriwa wa ulanguzi hashtakiwi kwa kuwa nchini kinyume cha sheria wala kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kulanguliwa. Mwambie hivyo mapema, maana tisho hilo ndilo alilokuwa akitishiwa nalo.

Kuhusu kandarasi, wanasheria wetu walitaka ivunjwe siku ile ile. Nilielewa hofu yao, lakini kuivunja papo hapo kungewaacha watu kumi na wawili bila kazi, bila malipo ya mwezi na bila hati, na mama wa ofisi angewahamishia kwa mteja mwingine. Tulikubaliana tuwalipe mishahara moja kwa moja kwa nambari zao huku uchunguzi ukiendelea, kisha tukawachukua wote kwa mikataba yetu wenyewe, ndipo kandarasi ikakatishwa. Iligharimu. Vitambulisho sita havikurudi kamwe. Tulipeleka dada hao mmoja mmoja polisi kupata abstrakti, hati ya kuthibitisha kupotea kwa kitambulisho, kisha Huduma Centre kuomba vingine, na siku hizo zote zilihesabiwa kuwa za kazi.

Hatua ya 8: Ukiulizwa na mnunuzi wa nje

Ukiuza maua, chai, mboga, kahawa au nguo nje, fomu itakujia. Uingereza, kupitia kifungu cha 54 cha sheria yao ya utumwa wa kisasa ya 2015, huzitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka zitoe taarifa ya hatua zilizochukua dhidi ya utumwa, iliyopitishwa na bodi na kutiwa saini na mkurugenzi. Australia ina sheria yake ya 2018, kwa kampuni zenye mapato ya dola zao milioni 100 na kuendelea. Marekani huzuia bidhaa za kazi ya kulazimishwa mpakani kwa sheria iliyoanza 1930, na Umoja wa Ulaya utaanza kuzipiga marufuku sokoni mwake tarehe 14 Desemba 2027. Sheria hizo haziifungi kampuni yako moja kwa moja, lakini mnunuzi wako atakurushia maswali yake.

Yajibu kwa yale uliyofanya katika hatua zilizotangulia: watu wangapi wako kwa wakandarasi, ulikagua lini, ulikuta nini, ulilipa nini. Ukipokea fomu huku ukijua bei anayokununulia haitoshi kulipa mshahara halali, mwandikie hivyo pia. Nusu ya mambo haya huanzia kwenye bei.

Fomu yetu ya mwaka ule ilikuwa na swali kama tumewahi kugundua kisa. Mkurugenzi alitaka tuandike "hapana", akiogopa kupoteza oda. Tulibishana mchana mzima, mwishowe tukaandika tisa, na chini yake tukaeleza tulichofanya, pamoja na kosa la ile simu. Baada ya wiki mbili mnunuzi alitupigia. Aliuliza kama dada wale wamelipwa malimbikizo yao yote, na kama sasa kuna mtu wa ofisi anayekuja zamu ya usiku. Nilimtumia orodha ya malipo na ratiba.